Kabla hujapeleka laptopu kwa fundi: programu za bure za kuwa nazo nyumbani

Matatizo yanayopeleka kompyuta ya nyumbani kwa fundi ni yaleyale. Imekuwa nzito. Diski imejaa. Flashi imeonyesha vishortcut tupu. Picha za harusi zimefutika. Faili la RAR halifunguki. Word inadai leseni imeisha.

Na mafundi wengi wa mtaani wana dawa moja kwa yote: kufomati, kisha kuweka Windows na Office za kraki, yaani zilizovunjwa leseni. Unalipa, unaondoka, na baada ya miezi michache unarudi na tatizo lingine.

Karibu yote hayo yana programu ya bure ya kuyamaliza. Na hapa bure maana yake ni bure kweli, si majaribio ya siku 30. Nyingi ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa, na hazina mwenye kukudai hela. Tumechagua zile tunazoona zinastahili bando lako. Maelezo haya ni kwa wenye Windows, ambao ndio wengi.

Kraki inakula nini

Watu wengi wanaona kraki ni njia ya mkato isiyo na hasara. "Mbona inafanya kazi?" Inafanya kazi, ndiyo. Shida ni kilichokuja nayo.

Mfano wa kwanza ni kirusi kinachoitwa STOP, au Djvu. Hiki hufunga mafaili yako yote, picha, nyaraka, kila kitu, kisha huacha ujumbe wa kudai malipo. Kiwango kilichozoeleka ni dola 980, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Hakikulenga mabenki wala makampuni makubwa. Kililenga watu wa nyumbani na wanafunzi, na njia yake kuu ya kuingia ilikuwa kraki na programu za kutengeneza namba za leseni. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa na aina 148 za kirusi hicho, ila aina nyingine nyingi zilizofuata hazifunguki.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. KMSPico ni kile kiprogramu ambacho mafundi wengi wanakitumia kuwasha Windows na Office bila leseni. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kuwa kuna KMSPico zinazosambazwa zikiwa na kirusi cha Cryptbot ndani yake. Kazi ya Cryptbot ni kuiba nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Na ili KMSPico ifanye kazi, maelekezo yake hukuambia kwanza uzime antivirusi. Hapo sasa umemfungulia mwizi mlango na kumshikia taa.

Kama umeshapatwa na kirusi cha kufunga mafaili, usilipe haraka. Nenda kwenye tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama wa kompyuta. Unapakia sampuli ya faili lililofungwa, wanakuambia ni kirusi gani na kama ufunguo wa bure upo. Hata kama haupo leo, tunza mafaili yako mahali. Funguo nyingine hupatikana baadaye.

Diski: iangalie kabla haijafa

Ukiwa na nafasi ya programu moja tu kwenye flashi yako, weka CrystalDiskInfo. Imetengenezwa Japani, ni ndogo, na kazi yake ni kusoma afya ya diski. Kila diski hujiwekea kumbukumbu za hali yake: imewashwa mara ngapi, imefanya kazi saa ngapi, imeshindwa kusoma sehemu ngapi. Windows haikuonyeshi hayo waziwazi. CrystalDiskInfo inakuonyesha yote kwenye ukurasa mmoja.

Angalia rangi kwanza. Bluu ni nzuri. Njano ni tahadhari. Nyekundu, acha kila unachofanya na uhamishe mafaili yako leo, si kesho.

Kisha angalia namba mbili juu kulia. "Power On Hours" ni saa ambazo diski imefanya kazi tangu itoke kiwandani. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 26,000 imezunguka karibu miaka mitatu bila kupumzika. Iliyo karibu nayo, "Power On Count", ni mara ngapi imewashwa. Kama ni SSD, utaona pia asilimia ya afya iliyobaki.

Rangi ikiwa njano, shuka kwenye jedwali utafute mstari wa 05 na wa C5. Wa 05 unaeleza sehemu zilizoharibika ambazo diski imezihamishia kwingine. C5 ni sehemu ambazo diski inazishuku lakini bado haijaamua. Namba hizo zikiendelea kupanda wiki hadi wiki, diski hiyo inaondoka.

Sasa fikiria hili ukiwa Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, unanunua laptopu ya mtumba. Nje inang'aa, stika mpya, kibodi safi. Muuzaji anasema "hii imetumika miezi sita tu Ulaya". Chomeka flashi yako, fungua CrystalDiskInfo, na saa zitasema zenyewe. Pakua ile ya zip, ambayo haihitaji kusakinishwa. Na usishtuke: kwenye tovuti yao kuna matoleo yenye picha za wasichana wa katuni za Kijapani. Chagua lile la kawaida, "Standard Edition", kazi ni ileile.

Muuzaji akikataa usichomeke flashi, nalo ni jibu.

Ukiwa hapohapo, pima betri, na hii haihitaji hata programu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

powercfg /batteryreport

Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta "Design capacity", yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na "Full charge capacity", uwezo wake sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, betri imebaki na asilimia 40. Una hoja ya kushusha bei.

Imejaa nini?

Diski ikijaa, Windows inakuwa nzito, masasisho yanakwama, na watu wanaanza kufuta vitu kwa kubahatisha. Usibahatishe. WizTree ni ya bure kwa matumizi binafsi, na kwenye diski za kawaida za Windows inamaliza kuchunguza kila kitu kwa sekunde chache, kwa sababu inasoma orodha ya mafaili ambayo diski yenyewe inaitunza badala ya kupita folda moja moja. Inakuchorea ramani: kiboksi kikubwa, faili kubwa. Ukitaka programu huria kabisa ipo WinDirStat, ambayo inachora ramani ya namna hiyohiyo.

Mara nyingi utakuta wahusika ni hawa: folda ya Downloads yenye muvi ulizoshaangalia zamani, video zilizopitia WhatsApp ya kwenye kompyuta, folda ya Windows.old iliyobaki baada ya kubadili toleo, na faili moja linaloitwa hiberfil.sys. Hilo la mwisho usijaribu kulifuta kwa mkono. Ni la ule usingizi mzito wa kompyuta, na linaweza kufika GB kadhaa. Kama huutumii usingizi huo, fungua cmd kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika powercfg /h off, nalo litaondoka lenyewe. Windows.old iondoe kupitia Disk Cleanup, ambayo tayari imo kwenye Windows.

Na zile programu za "kusafisha na kuongeza kasi"? Tunashauri uziache. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, na faida yake haionekani kwa macho. Pia kumbuka kilichotokea mwaka 2017: CCleaner toleo 5.33, lililopakuliwa kwenye tovuti halali kabisa, lilikuwa limepandikizwa kirusi na wadukuzi, na lilifika kwenye kompyuta takribani milioni 2.27 kabla ya kugundulika. Programu unayoipa ruhusa ya kugusa kila kona ya kompyuta iwe na sababu ya maana ya kuwepo.

Kwa faili ambalo unajua lipo lakini hukumbuki uliliweka wapi, Everything ya voidtools haina mpinzani. Ukianza kuandika jina, majibu yanatokea kabla hujamaliza. Inatafuta majina, si maneno yaliyomo ndani ya faili. Andika ext:docx dm:today, itakuletea nyaraka zote za Word zilizoguswa leo. Andika size:>1gb, utaona kila faili linalozidi GB moja. Ukishaizoea, ile sehemu ya kutafutia ya Windows utaisahau.

Picha zimefutika

Jambo la kwanza ni kuacha. Acha kupiga picha nyingine na hiyo kamera au simu, acha kunakili chochote kwenye hiyo flashi. Faili likifutwa, mara nyingi kilichoondoka ni jina lake kwenye orodha. Yaliyomo yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika unayoendelea kutumia kadi hiyo unapunguza uwezekano wa kuyapata.

PhotoRec ndiyo tunayoiamini. Ni programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, inakuja kifurushi kimoja na nduguye TestDisk. Jina linasema picha, lakini inaokoa pia video, PDF, nyaraka za Word na aina nyingine nyingi. Ndani ya folda utakuta qphotorec_win, ambayo ina madirisha ya kawaida badala ya maandishi meupe kwenye kiza. Chagua kadi au flashi, chagua mahali pa kuhifadhia kitakachopatikana, anza, ukanywe chai.

Mambo matatu ya kujua. Kamwe usihifadhi kinachookolewa kwenye diski ileile unayookoa. PhotoRec inasoma tu kadi yako, haiandiki kitu juu yake, kwa hiyo haiongezi madhara. Na mafaili yatarudi bila majina yake ya zamani, yamemwagwa kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea. Kuyapanga ni kazi ya jioni nzima.

Ukitaka kitu chepesi zaidi ipo Recuva. Inafaa kwa faili lililofutwa sasa hivi, na inaweza kurudisha na jina lake.

Kwenye SSD za ndani ya laptopu, matumaini ni madogo. Windows huiambia SSD kwamba faili limefutwa, na SSD hufuta kabisa nafasi hiyo ili iwe tayari kwa kazi nyingine. Hapo hata fundi mwenye maneno mazuri hana muujiza.

Flashi yenye vishortcut

Hii kila aliyewahi kwenda steshenari kuprinti anaijua. Umerudi nyumbani, umechomeka flashi, badala ya mafaili yako unaona vishortcut tu. Wengi hufomati papo hapo, na hapo ndipo wanapoteza kazi zao. Usifomati. Kirusi cha namna hii kawaida hakifuti mafaili, kinayaficha na kukuwekea mtego ubofye. Usibofye vishortcut hivyo.

Kwanza safisha. Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha kwa watu wengi wa nyumbani alimradi ina masasisho mapya. Bofya kulia kwenye flashi, chagua kuichunguza. Ukishuku kompyuta yenyewe imeathirika, tumia "Microsoft Defender Offline scan": kompyuta inajizima na kuwaka, inachunguzwa kabla Windows haijaamka, kazi ya takribani dakika 15. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure inachunguza ukiiomba. Ikikushawishi ununue toleo la kulipia, kataa tu.

Kisha fichua mafaili. Angalia herufi ya flashi yako, tuseme ni E, fungua cmd na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yako yatajitokeza. Yahamishie kwenye kompyuta, ndipo sasa unaweza kufomati flashi kama unataka.

Kuandika bila kraki

LibreOffice inabeba kazi nyingi ambazo watu wa nyumbani wanazifanya kwa Word, Excel na PowerPoint. Ilizaliwa Septemba 2010 baada ya waandishi wa OpenOffice kujitenga. Wakongwe watakumbuka kuwa OpenOffice hiyo iliwahi kuongea Kiswahili: mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lililoitwa Jambo OpenOffice.

Kuipakua kunakula takribani MB 350, basi fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au usiku kwenye bando la usiku.

Malalamiko makubwa ni kwamba waraka ukitoka LibreOffice kwenda kwa mtu mwenye Word unavurugika. Ni kweli, hutokea, hasa kwenye majedwali magumu. Dawa ni mbili. Kama mwenzio anatakiwa kuuhariri, hifadhi kwa muundo wa .docx, si ule wa .odt unaokuja wenyewe. Kama anausoma tu, mfano barua ya maombi ya kazi au ripoti, mtumie PDF; kitufe chake kipo juu kabisa, mbofyo mmoja. Fonti za Calibri na Cambria hazimo, lakini LibreOffice inakuja na Carlito na Caladea zenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo kurasa hazirukiruki sana.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu ambayo msimamizi anairudisha na maoni ya pembeni kila wiki, huyo tungemshauri atumie Word ya mtandaoni, ambayo ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, au aulize chuo chake kama kinatoa leseni kwa wanafunzi. Vyuo vingine vinatoa na wanafunzi hawajui.

Vidogo vidogo

7-Zip inafungua ZIP, RAR na mengine karibu yote. Ni ya Igor Pavlov, ipo tangu 1999, na haina zile kero za WinRAR za kukukumbusha kwamba siku zako 40 za majaribio zimekwisha. Kasoro yake: haijisasishi yenyewe.

VLC huna haja ya kuelezwa. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na mpaka leo haina matangazo. Sumatra PDF inafungua PDF haraka hata kwenye laptopu yenye RAM kiduchu. Audacity ni ya kukata sauti, GIMP ya picha, OBS Studio ya kurekodi kioo cha kompyuta kwa wanaofundisha mtandaoni. Zote bure.

Simu kwenda kompyuta bila kula bando

Watu wanajitumia video kwa WhatsApp ili waipate kwenye kompyuta. Unalipa bando mara mbili, kupandisha na kushusha, na video inapoteza ubora. Weka LocalSend kwenye simu na kwenye kompyuta. Vyote viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja, au laptopu ikiwa imeungwa na hotspoti ya simu yako, vinaonana na faili linapita moja kwa moja bila kutoka kwenye intaneti. Kama havionani, angalia Windows imeuweka mtandao huo kuwa "Private", si "Public".

Tahadhari moja: laptopu ikishaungwa na hotspoti, Windows inaweza kuanza kushusha masasisho kimyakimya na kumaliza bando la wiki kwa nusu saa. Fungua Settings, nenda Network & internet, Wi-Fi, sifa za mtandao huo, kisha washa "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri. Ukifika kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo yaruhusu, maana usalama wa kompyuta yako unayategemea.

Nakala na nywila

Kwa nakala rudufu tunapendekeza FreeFileSync, ya bure kwa matumizi binafsi. Unachagua folda ya kompyuta upande wa kushoto, diski ya nje upande wa kulia, inalinganisha na kunakili vilivyobadilika tu. Makini na aina ya usawazishaji. "Mirror" inafanya upande wa kulia ufanane kabisa na wa kushoto, maana yake ulichofuta kushoto kinafutwa na kulia. Kwa picha za familia chagua "Update", ambayo inaongeza tu. Ukimaliza, chomoa diski. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia diski ikiwa imechomekwa, kinafunga na hizo nakala.

Nywila nazo zisikae kwenye kivinjari wala kwenye daftari la mezani. KeePassXC inazihifadhi ndani ya faili moja lililofungwa ambalo unalitunza mwenyewe, bila intaneti. Bitwarden inaziweka mtandaoni kwa usimbaji, kwa hiyo unazipata kwenye simu pia. Kwa mtu anayebadilisha simu mara kwa mara, Bitwarden ni rahisi zaidi. Nywila kuu ukiisahau, hakuna wa kukurudishia, kwenye yote mawili.

Wenye Windows 10

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haijazimika, lakini haipati tena viraka vya usalama. Watumiaji wa nyumbani walipewa nyongeza ya hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya Settings kwenye Windows Update, na ukikubali kusawazisha mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft si lazima ulipe zile dola 30.

Laptopu nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya prosesa yake au kukosa chipu ya TPM 2.0. Rufus, programu ndogo ya kutengeneza flashi ya kusakinishia mifumo, inaweza kuruka masharti hayo, ila Microsoft haitoi ahadi yoyote kwa kompyuta ya namna hiyo.

Njia nyingine ni Linux Mint. Inadai RAM ya GB 2, na GB 4 ndizo zinazoshauriwa; kwa mashine ya zamani chukua toleo la Xfce. Pakua faili lake, kama GB 3, liweke kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus, washa kompyuta kupitia flashi hiyo na uijaribu bila kugusa Windows yako. Angalia kama Wi-Fi, sauti na printa yako vinafanya kazi. Kama vinafanya, na kazi zako ni kivinjari, nyaraka na video, huna sababu kubwa ya kuitupa hiyo laptopu. Kama unategemea programu maalumu ya Windows, mfano ya uhasibu au ya uchoraji ramani za nyumba, baki ulipo.

Pakua wapi

Ukiandika jina la programu kwenye Google, majibu ya juu kabisa yanaweza kuwa matangazo ya tovuti feki zenye vitufe vikubwa vya kijani. Nenda kwa mwenye mali: 7-zip.org, videolan.org, libreoffice.org, voidtools.com, cgsecurity.org, localsend.org, rufus.ie, linuxmint.com. Hata ghala kubwa linaweza kukuangusha. Mei 2015 GIMP ya Windows iliyokuwa SourceForge ilikutwa imefungashwa na programu za matangazo bila ridhaa ya waandishi wake.

Usitumie pia flashi ya jirani yenye "softiwea zote".

Kwa kusasisha, Windows 11 na Windows 10 za karibuni zina amri ya winget. Fungua cmd, andika winget upgrade, utaona orodha ya programu zako zenye toleo jipya, 7-Zip ikiwemo. Kuzisasisha zote kwa pamoja ni winget upgrade --all. Soma orodha kwanza kabla ya hiyo ya pili, maana kama LibreOffice imo, zile MB 350 zinakuja tena.